Vidonge vya Kocha

Kocha wetu wa mbio ana vidole vinene, lakini hutoboa karatasi ya vidonge kwa ulaini kama mtu anayemenya karanga. Kila Jumamosi husimama getini pa uwanja, mfuko wa koti ukichakarika, akigawa dawa ya maumivu kwa waliokula na wasiokula. "Meza, bingwa. Goti halina adabu, linyamazishe!" Kisha anacheka peke yake. Dada yangu, anayejiandaa kwa marathoni yake ya kwanza, alipomwambia tumbo linamuunguza na mkojo umekuwa wa rangi ya chai, kocha alimpiga begani tu. "Acha kudeka."

Jumamosi iliyopita binti wa kocha mwenyewe, anayekimbia nasi, alifika akichechemea. "Baba, goti." Nikautazama ule mfuko. Mkono haukuingia. Kocha alichuchumaa vumbini, akamvua binti yake kiatu taratibu, akalishika goti kama yai. "Leo hukimbii, mama. Ukilizima kwa dawa ukakimbia, hutasikia unavyojiumiza. Na hujala, hujanywa maji, utaharibu tumbo na figo." Kumbe anajua! Anajua yote, na siku zote hizo alikuwa anatucheka. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma ya kocha, kidonge alichopewa getini bado kiko kwenye ulimi. Alikitema, kikaangukia kiatu cha kocha.

"Kocha, kwani mimi sina baba?" dada akamuuliza.

Kocha alipangusa kiatu kwanza.