Mwisho Aliotunga Miraj

Miraj wa Voi anajulikana kwa mdomo. Si kwamba ni mbaya, la hasha, ni mtu wa maneno tu, na maneno ndiyo yaliyomlisha tangu ujana. Babu yake alikuja kutoka Mambrui kuuza vitambaa, baba yake akafungua duka la rejareja, naye Miraj alipopewa duka likamshinda mwaka wa kwanza. Mtu anaingia kununua sukari, anatoka saa nzima baadaye amejaa hadithi na sukari ameisahau. Hatimaye akauza mizani, akanunua televisheni na deki ya kanda za video, akaweka mabenchi chumba cha nyuma, akafungua kideo, banda la kuonyesha filamu.

Filamu zilikuwa za Kihindi na za Kichina. Kichina hakukijua hata salamu. Kihindi alijua kile cha kulilia na kuombea msamaha, basi. Lakini akishika maikrofoni na kukaa kando ya televisheni kuwatafsiria watu, hakuna aliyebanduka. Wafanyakazi wa reli na wa mashamba ya mkonge walijaa humo Jumamosi mchana hadi wengine wakasimama dirishani, na mahali picha ilipomshinda, Miraj alitia yake.

Kwenye benchi la mbele alikaa Nyongesa. Alikuwa kijana wa gengi ya reli, kikosi cha kutengeneza njia, kutoka Bungoma, mrefu, mpole, anachechemea mguu wa kushoto tangu taruma la reli lilipomwangukia. Kwao alikuwa ameacha mke na watoto wawili. Alituma pesa, kisha gengi ikapunguzwa, akakosa cha kutuma, akaona aibu kurudi mikono mitupu. Aibu ya mwaka mmoja ikawa ya miwili. Mke akafariki, habari zikamfikia mazishi yameshapita, na baada ya hapo akajiambia kwamba hana tena uso wa kuonyesha huko. Miaka ishirini na mitano imekatika hivyo.

Kideo nacho kikafa, kama vilivyokufa vyote. Siku hizi Miraj anauza chaja na vioo vya simu, na nywele zimemwisha. Lakini kila Jumapili baada ya alasiri, kwenye kibaraza cha duka lake, kuna ligi.

Ligi ni hivi. Wanacheza watatu: Miraj, Nyongesa, na Kaloki, fundi cherehani wa mlango wa pili. Mmoja anataja fungu. Filamu bora ya kisasi. Filamu bora ya mama mkwe mbaya. Filamu bora yenye farasi. Kila mmoja anachagua yake na kuitetea, na watu waliokaa kibarazani ndio wanaopiga kura. Sheria ni moja na haina mjadala: lazima uueleze mwisho wa filamu yako. Asiyeujua mwisho hana filamu. Na akisema mwisho wa uongo, ikathibitishwa, pointi zake zote za siku hiyo zinafutwa. Disemba wanajumlisha, anapatikana Bingwa, na mwaka mzima ataitwa Bingwa mpaka sokoni.

Nyongesa alikuwa Bingwa miaka mitatu mfululizo.

Hilo lilimkera Miraj jamani, tusifichane. Mtu aliyewatafsiria mji mzima anashindwa na mtazamaji wa benchi la mbele! Alicheka mbele ya watu, lakini nyumbani mkewe Saadiya alimwona akitafuta filamu kwenye simu na kuandika majina kwenye karatasi kama mtoto wa mtihani. Katika kutafuta huko, mwezi wa Agosti, akaikuta ile ya baba aliyekwenda machimboni.

Hiyo ndiyo filamu ya Nyongesa. Baba maskini anaacha binti mdogo, anakwenda kuchimba makaa, anapotea miaka, anarudi mzee siku ya harusi ya binti. Miraj aliionyesha mara moja tu, na zikiwa zimebaki dakika kama kumi na tano deki ikautafuna mkanda. Televisheni ikageuka buluu. Watu wakaanza kunung'unika. Miraj akawaambia watulie, yeye filamu hiyo ameshaiona Mombasa, atawamalizia kwa mdomo. Alikuwa hajaiona popote. Akawatungia mwisho palepale, binti akamjua baba yake kwa mwendo, akamwacha bwana harusi amesimama, akamkimbilia. Nyongesa alilia siku ile mpaka akatoka nje kunawa uso.

Sasa ndani ya simu Miraj akaona mwisho wenyewe. Binti anatoka, anamtazama yule mzee aliyesimama langoni, hamjui, anaingia garini. Gari linaondoka. Mzee anabaki. Imekwisha.

Miraj akanyamaza nayo. Alijiambia ni huruma. Kumbe alikuwa akiiweka akiba, na hilo alilijua vizuri, ingawa hakutaka kujisikia akilisema.

Novemba, Nyongesa alikuja dukani siku ya kazi, peke yake, akakaa. Akasema binti yake, Nabwile, yule aliyemwacha na miaka mitatu, anaolewa Disemba. Amepata namba yake kwa mtu wa reli, ametuma ujumbe kwamba anataka baba awepo.

"Na utakwenda?" Miraj akauliza.

"Naogopa, ndugu yangu. Mama yao sikumzika." Akasugua goti lake. "Lakini nakumbuka ile picha yako ya machimboni. Yule alirudi na hana kitu, na mtoto akamjua. Nimeshaweka nafasi kwenye basi. Ijumaa ya tarehe kumi na nne."

"Nenda, Bwana Nyongesa. Nenda kabisa," Miraj akasema, na siku ile alisema kwa moyo wote.

Tuje Jumapili ya mwisho ya ligi, tarehe mbili Disemba. Pointi zilikuwa sawa kati ya Miraj na Nyongesa. Kibaraza kilijaa. Zamu ya kutaja fungu ilikuwa ya Kaloki, akafikiri weee, akasema, "Filamu bora ya baba na mtoto."

Kila mtu alijua Nyongesa atachagua gani. Aliitetea taratibu, bila makeke, na alipofika mwishoni, pale binti anapokimbia, mama mmoja muuza mboga alikuwa ameshainua mkono kupiga kura. Miraj akaona mwaka wa nne ukienda. Akasema, "Huo si mwisho wake."

Kaloki akageuka. "Usilete fitina, Miraj."

"Fitina gani? Ninayo hapa." Akatoa simu, akaiweka juu ya meza, akaisogeza picha mpaka dakika zile. Watu wakainama kutazama. Binti akatoka, akatazama, akaingia garini. Mzee akabaki langoni.

Angeishia hapo labda kingekuwa kidonda kidogo. Lakini mdomo wa Miraj haujui breki. Watu walipoanza kucheka, akaongeza, "Bwana mkubwa, miaka yote hii unalilia filamu ambayo haipo."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Nyongesa hakubisha. Hakusema, mbona wewe ndiye uliyetuambia? Aliitazama simu mpaka picha ilipozimika yenyewe, akamlipia kila mtu chai kama ilivyo ada ya aliyeshindwa, akampa Miraj mkono, akaondoka na mguu wake kuelekea kwake, mtaa wa Kaloleni. Kaloki akatangaza Bingwa mpya. Miraj akapigiwa makofi, na chai yake akaiacha ipoe mezani.

Jumatatu alipata habari kwamba Nyongesa ameifuta nafasi yake ya basi.

Hapo ndipo Miraj alipoanza kuumwa na kitu ambacho hakina dawa kwa mfamasia. Dukani alirudisha chenji isiyo sawa. Wateja walimwita Bingwa, naye kila akiitwa alijisikia kama mtu aliyevaa kanzu ya mwenziwe. Saadiya alimtazama siku tatu, ya nne akaweka sahani ya wali mbele yake na kuishikilia.

"Sema, Baba Nasima. Una nini?"

Akamweleza. Alianza na sheria za ligi, akaeleza pointi, akaeleza simu. Saadiya alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ulimwambia kuwa ule mwisho mwengine uliutunga wewe?"

Miraj akautazama wali.

"Kwa hiyo umemfanya mwenzio aonekane mwongo kwa uongo wako mwenyewe. Huna haya, Miraj." Akaiachia sahani. "Nenda kamwambie. Harusi bado."

Alikwenda, ndiyo. Alifika mpaka kona ya Kaloleni, akamwona Nyongesa kwa mbali amekaa mlangoni anachambua mchicha, akageuza njia. Akarudi akamwambia Saadiya hakumkuta. Wiki ya pili akatoka tena, safari hii na maneno ameshayapanga kichwani, akakutana njiani na mteja mwenye simu iliyokufa, akashukuru moyoni, akarudi naye dukani kuitengeneza. Mtu aliyezungumza mbele ya watu mia bila kumeza mate alishindwa kumwambia rafiki mmoja neno moja: nilikosa. Ijumaa ya tarehe kumi na nne basi la Bungoma lilipita Voi, na Miraj aliliona kutoka kibarazani. Alilitazama mpaka likapotea.

Jumapili hakufungua duka. Alikwenda Kaloleni asubuhi, mikono mitupu, mbio mbio, asije akapata sababu nyingine. Alimkuta Nyongesa uani anafua mashati kwenye karai.

"Karibu, Bingwa," Nyongesa akasema, bila kejeli, na hilo ndilo lililouma.

"Usiniite hivyo, tafadhali." Miraj akabaki amesimama. "Nimekuja kukuomba radhi. Ile filamu mkanda ulikatika. Mwisho ule niliwatungia mimi. Nilikuwa sijaiona Mombasa wala wapi. Siku ile kibarazani nilijua, na nikakuacha uchekwe. Na nilijua unakwenda kwa mtoto kwa ajili ya maneno yale. Nilijua yote, nikataka kushinda."

Nyongesa akakamua shati, akalikung'uta, akalianika.

"Najua uliutunga," akasema.

"Unajua?"

"Tangu siku ileile. Miraj, yule baba alitembea vizuri filamu nzima. Mkanda ulipokatika tu, akaanza kuchechemea mguu wa kushoto." Akacheka kidogo puani. "Nani mwingine alikuwa anachechemea mle ndani? Nilijua unaniambia mimi. Nilisema, huyu jamaa anaona mbali, anaamini naweza kurudi. Nimekaa na hiyo miaka yote. Halafu siku ile ukatoa simu. Nikasema, kumbe hata yeye mwenyewe haamini."

Miraj akautazama mguu ule wa kushoto. Alikuwa hakumbuki kabisa kwamba alimtia mguu yule baba. Lilitoka tu, kama yalivyotoka mengine, na mtu akajengea maisha juu yake.

"Na harusi?" akauliza hatimaye.

"Ilikuwa jana."

"Alisema nini?"

Nyongesa alikaa juu ya kigoda. Mikono yake ilikuwa bado na povu. "Alipiga simu jioni. Aliuliza, baba, umefika wapi? Alidhani niko njiani. Alimtuma kaka yake stendi mara tatu. Sikujua nimwambie nini, nikasema nilikuwa mgonjwa. Nikamdanganya tena, siku ya harusi yake."

"Nisamehe, Nyongesa."

"Mimi nimekusamehe zamani. Tatizo si mimi. Kuna kijana alikwenda stendi mara tatu na suti yake, na huyo hakujui wewe wala ligi yako."

Maneno hayo yalimwingia Miraj, yakakaa. Aliona kwamba radhi aliyoileta ilikuwa ya kumtuliza yeye mwenyewe, na kwamba hapo uani haikuwa imefika nusu ya njia. Akanyoosha mkono.

"Nipe namba yake."

"Ya nini?"

"Nipe tu, ndugu yangu."

Nyongesa akaifuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani, akatoka na simu, akaibonyeza yeye mwenyewe, akampa. Ililia mara nne. Mara ya tano ikapokelewa, na nyuma ya sauti Miraj alisikia vyombo vikioshwa na watu wakicheka.

"Baba?"

"Si baba, mwanangu. Naitwa Miraj, wa Voi, rafiki yake." "Baba yako hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameshaweka nafasi kwenye basi, mwezi mzima anaisubiri siku yenu. Mimi ndiye niliyemvunja moyo asije. Kwa mchezo. Kosa ni langu, si lake, na usimhesabie yeye."

Kule Bungoma mtu aliita jina la Nabwile, naye hakuitika. Miraj alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kwa kweli alitaka kutukanwa, angalau apate cha kubeba kurudi nacho nyumbani.

"Uko naye hapo?" Nabwile akauliza.

"Niko naye."

"Leo amekula?"

Miraj alimgeukia Nyongesa, aliyekuwa amesimama katikati ya mashati yake mabichi akiikodolea macho ile simu. Saa nne na nusu ilikuwa imepita. Jiko lilikuwa limelala baridi kando ya mlango, wala yeye Miraj hakuwa amemuuliza rafiki yake kama amekula.