Nicanor Nje ya Geti ya Kihara

Mtu akikwambia Nicanor Oluoch ni baba alikimbia mtoto, mlete kwangu. Mlete hapa Olympic, uliza Billy wa simu, utaonyeshwa hata na wale tumekosana. Kutoka hapa mpaka Nyayo Highrise hakuna simu imewahi kunishinda, na sikumaliza hata darasa la saba. Nitamkalisha huyo mtu kwa stuli yangu nimwambie venye ilienda, na akitoka hapo atakuwa anaangalia viatu zake.

Nicanor ni fundi wa welding. Anachomelea milango, madirisha, na vitanda za dabodeka, moja juu ya ingine, za mashule. Alitoka Homa Bay akiwa kijana, akalala sakafu ya binamu yake, akabeba mawe kwa mjengo mpaka mzee mmoja akamfundisha kushika moto. Macho yake ni nyekundu saa zote na watu hudhani ni pombe. Si pombe, ni ile miwani ya bei rahisi. Vidole nazo zimeungua zikafanana na mihogo ya kuchoma ya barabarani. Mimi humwambia, "Nica, wewe ukisalimia mtu inafaa umpatie na plasta." Hacheki. Huyo jamaa hucheka mara moja kwa mwaka, na hiyo siku lazima kuna mtu ameingia kwa mtaro.

Alikuwa anakaa na msichana wa Riruta Satellite anaitwa Waceke, come-we-stay ya kawaida, bila mahari wala harusi, na wakapata kijana, Ryan. Halafu Waceke akapata kazi Qatar. Akaacha Ryan kwa kakake, Kihara, huko huko Satellite, jamaa ya nyumba za kupangisha na duka ya hardware. Ilikuwa ikuwe mambo ya muda kidogo tu. Waceke hajarudi mpaka leo.

Kihara naye akaweka sheria. Akasema Nicanor hajawahi kuleta wazee kwao kuongea mahari, hajawahi kubisha hodi ya heshima, kwa hivyo kwa hiyo nyumba Ryan hana baba. Hakuna kupiga simu. Hakuna kukuja. Akiguza geti ataitiwa polisi, na Waceke ataambiwa jamaa alikuja kuiba mtoto. Alete wazee kwanza. Sasa wazee wa Nicanor nusu wako Homa Bay na nusu wako chini ya mchanga. Na hata wakikuja, waongee na nani na mwenye msichana hayuko?

Lakini wacha niseme ukweli, mila ni mila, hapo sina ubishi. Kilichonichoma ni kitu ingine. Ryan aliambiwa babake alienda zake. Ati alimchoka. Jamaa anaamka usiku akiota mtoto, na mtoto anaambiwa alichokwa.

Tulijua hiyo maneno kupitia kwa Waithira. Huyu ni mathe anauza chai na mandazi kwa kibanda, ng'ambo tu ya barabara, ukitazama mbele ni geti ya Kihara. Ryan hununua mandazi kwake akienda tuition. Siku moja akamuuliza, "Mathe, mtu akichoka na mtoto wake huwa anaenda wapi?" Waithira akamwongezea mandazi ya bure. Halafu akampigia Nicanor, mteja wake tangu siku za Waceke.

Sasa hapo ndio mashine inaingia. Nicanor alikuwa amepata komputa mbili ndogo za mkono, zile saizi ya simu mbili zimewekwa pamoja, ziko na kibodi ya vidole na zinatumia Linux badala ya Windows. Ziko na mchezo ya mpira, ya zamani, watu wamekaa kama njiti za kiberiti. Mimi ndio nilizisafisha na kuziamsha, kwa sababu hapa nani mwingine angeweza? Ile mpya, yenye WiFi ndani, Waithira akampatia Ryan wakati wa Krismasi akasema ni zawadi. Kihara akaigeuza-geuza, akaona haina mahali ya laini ya simu, akasema sawa, ni toy. Nicanor akabaki na ile nzee isiyo na WiFi.

Mpango ilikuwa yangu, na ilikuwa tamu. Jumamosi Kihara hushinda hardware, na kijana haruhusiwi kutoka. Nicanor anakaa kwa kibanda ya Waithira, anawasha hotspot ya simu yake, hajaguza geti ya mtu. Ryan ndani anashika hiyo hotspot. Mashine zote mbili zikiwa kwa hotspot moja, wanacheza mpira, baba na mtoto, ukuta katikati. Waithira alishamnong'onezea Ryan akinunua mandazi: Jumamosi mchana babako atakuwa hapa nje, tafuta WiFi inaitwa NICA.

Na ilikuwa lazima iwe hiyo Jumamosi. Jumatatu Ryan alikuwa anapelekwa shule ya boarding huko Nyandarua. Baba asipoonekana hiyo siku, kijana angeenda na ile hadithi ya kuchokwa, na huko milimani baridi ingeigandisha kichwani.

Kitu moja tu ilikuwa imebaki: adapta ya WiFi, ile ndogo ya kuingiza kwa tundu la USB. Nicanor alikuwa anamalizia dirisha za mtu wiki yote, kwa hivyo tukainunua njiani siku hiyo hiyo, hapo Satellite kwa duka ya Eugene. Eugene ni wale wa shati imepigwa pasi mpaka ukiguza kola unajikata.

"Hii itakubali Linux?" nikamuuliza.

"Bro, hii inakubali hata friji," akasema. "Unaingiza, inashika."

Tukakaa kwa benchi ya Waithira. Akatuletea chai. Nicanor akawasha hotspot, akashika ile mashine na mikono mbili kama mtu ameshika kifaranga. Nikaingiza adapta.

Haikushika.

Nikatoa, nikaingiza tena. Hakuna taa. Nikaangalia orodha ya WiFi, iko tupu kama mfuko wangu Januari. Nikazima mashine, nikaiwasha. Badala ya WiFi ikaniletea picha ya CD. Ati kuna CD imeingizwa. Nikasema hii mashine imelewa, CD itaingilia wapi, hata mdomo haina. Nikafunga hiyo picha nikaendelea. Nikajaribu kuvuta data kwa kebo ya simu, ikakataa. Nikaandika amri zote najua, na najua mingi, usinidharau. Kila nikiwasha, CD.

"Billy," Nicanor akasema, "ulisema ni dakika tano."

"Ni dakika tano za fundi."

"Mimi nikiambia mtu mlango ni leo, mlango inakuwa leo."

"Mlango ni chuma, Nica. Chuma haidanganyi."

 Alikuwa anatazama geti, ile ya mabati meusi. Waithira akakuja kupanguza meza, meza ilikuwa safi.

"Kijana ameshafungua dirisha ya juu mara mbili akachungulia," akasema polepole. "Sasa ameifunga."

Hapo nikaskia moto kwa masikio. Nikang'oa adapta, nikatembea mpaka kwa Eugene. Nikamwekea kwa kaunta.

"Hii kitu yako inasema ni CD."

Eugene akaitazama bila kuiguza. "Umefungua boksi."

"Ningeijaribu aje na boksi imefungwa? Niiombee?"

"Si uchukue ingine basi, ya bei ya juu, yenye antena. Hii hairudi." Akaonyesha karatasi kwa ukuta, bidhaa ikiuzwa hairudishwi. "Na Linux ni ya watu wa maofisi. Nyinyi mnaifanyia nini kwa kibanda ya chai?"

Akacheka. Nikamwangalia. Ningekuwa na mwili ya Nicanor ningemkunja nimweke kwa boksi yake. Lakini mwili yangu ni ya mtu wa kuongea, kwa hivyo nikamwambia duka yake inanuka uongo, nikachukua adapta, nikarudi.

Nicanor alikuwa vile nilimwacha. Nikaingiza tena hiyo takataka. CD ikatokea tena, inang'aa, inanichekelea kama Eugene. Na sasa mimi, kwa hasira, si kwa akili, nikasema kama unajiita CD basi toka kama CD. Nikaibonyeza pale kwa kutoa diski. Toka. Enda kwenu.

Picha ikapotea. Adapta ikawasha taa ya samawati.

Unajua ilikuwa nini? Hiyo adapta imebeba CD ya uongo ndani yake, ya kuwekea watu wa Windows programu zao. Ukiingiza, inakuja kwanza ikijifanya CD. Mpaka umfukuze huyo mwongo, WiFi haiwezi kutoka. Mchana yote nilikuwa nafungua mlango ya nyuma na mgeni amekaa mbele. Sasa hiyo mtu angejua aje, kama si mtu wa hasira kama mimi?

"Imeshika," nikamwambia Nicanor.

NICA ikatokea kwa orodha. Nikaunganisha, nikafungua mpira, nikaweka timu ya pili ingoje. Tukangoja. Chai ikapoa. Waithira aliacha mandazi ikaungua, na huyo mama haunguzi mandazi.

"Pengine alishachoka," Nicanor akasema.

"Usitumie hiyo neno."

Halafu timu ya pili ikaingia. Njiti kumi na moja za kijani, zimesimama. Nicanor hakuguza kitu. Njiti moja ya kijani ikakimbia duara, ikakimbia tena duara, kama mtoto anapunga mkono.

"Cheza, omera, ndugu yangu," nikamwambia. "Anakungoja."

Akacheza. Mungu wangu, alicheza vibaya. Hizo vidole zinabonyeza vitufe tatu kwa moja. Golikipa yake inatoka mpaka katikati ya uwanja kutafuta sijui nini. Ryan akamfunga, akamfunga tena, na kila akifunga, ile njiti inakimbia duara. Nicanor machozi inashuka na haipanguzi. Nikamwambia, "Nica, angalau zuia moja, mtoto asidhani babake ni kipofu." Akanipiga na kiwiko bila kuinua macho.

Lakini Eugene alituuzia adapta kama ukucha, isiyo na antena. Mchezo ikaanza kukwama. Njiti zinasimama, zinaruka, zinasimama. Halafu ikatulia ikawa laini. Ikakwama tena, ikatulia tena, laini kuliko mara ya kwanza. Sikuelewa mpaka Waithira aliponigusa bega akaonyesha chini ya geti.

Kulikuwa na nafasi kidogo hapo kati ya mabati na simiti. Na kwa hiyo nafasi kulikuwa na miguu mbili kwa patipati za bluu. Kijana alikuwa anafuata netiweki. Alianzia dirishani, akashuka ngazi, akavuka ua, na sasa amesimama nyuma ya bati akibonyeza.

Nicanor akaona. Mashine ikabaki kwa mkono, njiti zake zikafungwa bila kujitetea.

"Hiyo miguu ni kubwa," akasema.

"Ni mtoto wako. Ulidhani itakuwa ya sungura?"

"Ni kubwa," akasema tena.

Honi ikalia. Pickup ya Kihara, imejaa saruji, ikasimama mbele ya geti na kuziba barabara. Waithira akanong'ona, "Alisema atarudi jioni." Honi ikalia tena, mara mbili fupi. "Hiyo ndio kijana hufungulia. Hiyo tu."

Miguu ikasita. Halafu komeo ikavutwa ndani na geti ikafunguka.

Kijana alikuwa mrefu, shingo ya Nicanor, masikio ya Nicanor, mashine kwa mkono. Akaangalia pickup. Akaangalia sisi. Akaona ile mashine nzee na adapta imechomoka ubavuni na taa yake ya samawati.

"Ni wewe ulikuwa unacheza?" akauliza.

"Ni mimi," Nicanor akasema. Alikuwa ameshasimama.

"Golikipa yako inatoka sana."

"Nimeona."

Kihara akashuka, funguo kwa mkono. Ni mtu mkubwa na hapigi kelele, na hiyo ndio hunikasirisha zaidi. "Ryan, rudi ndani. Nicanor, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisiguze geti. Sijaguza. Niko kwa kibanda nakunywa chai."

"Nilikuambia ulete wazee."

"Nitaleta. Nitawatoa Homa Bay na gari, wakae kwa kiti yako, waongee mpaka uchoke. Hiyo nimekubali." Akaweka mashine kwa benchi. "Lakini leo mtoto ako hapa na mimi niko hapa. Mwambie mbele yangu nilienda wapi."

Kihara akaangalia Waithira, kama ni yeye amezaa hii shida yote. "Songa hiyo benchi, gari ipite."

"Benchi haiko kwa njia yako," Waithira akasema. "Iko hapo tangu asubuhi."

Nikataka kuongeza maneno, niko nayo mingi. Lakini Ryan alikuwa amesonga hatua moja, hayuko ndani na hayuko nje, patipati moja juu ya reli ya geti.

"Anko," akasema, "alienda wapi?"

Kihara akafungua mdomo. Nyuma ya pickup bodaboda zilikuwa zimejazana, zinapiga honi, mtu mmoja anatukana mama ya mwenye gari. Ule uongo wa kuchokwa ukamkatalia mbele ya mwenyewe, Kihara akafunga mdomo. Nicanor akangoja. Sisi wote tukangoja, na hakuna mtu alisonga.