Nguzo Iliyoota Ndevu

Aprili 1976 tulimpoteza mdogo wangu Atupele, akiwa na miaka mitano. Mpaka leo siwezi kukaa karibu na mti mbichi unaochacha. Unanuka kama togwa iliyolala.

Tulikuwa tumehamia Ilomba karibu miaka miwili kabla, na mvua ilitukuta hatuna nyumba. Baba akakata nguzo za mlingoti, yaani mkaratusi, akanipa mimi, mtoto wa miaka tisa, kazi ya kuziambua magome kabla hazijasimikwa. "Mti haujengi ukiwa na koti," alisema. Nguzo ya kati ilinichosha. Nikaiambua upande utakaotazama chumbani tu.

"Umemaliza?" Baba akauliza.

"Ndiyo, Baba."

Tukakandika ukuta, na udongo ukaficha gome lililobaki.

Baada ya muda nguzo ile ikaanza kunuka togwa na kutoa, kupitia vitundu vidogo, vijiti vya unga mweupe, vyembamba kama tambi.

"Dada, nguzo imeota ndevu!" Atupele alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi tuinyoe."

Kila asubuhi tuliinyoa kwa ufagio. Kwake ulikuwa mchezo. Mimi nilitaka Baba asione.

Masika ya pili, asubuhi moja nikiwa kisimani, nguzo ilikatikia chini. Paa likamwangukia Atupele akiwa anakula kiporo.

Nikiwa mtu mzima, bwana miti mmoja wa pale Uyole alinipasulia gogo lenye vitundu kama vile. Ndani vilikuwa vyeusi.

"Mdudu anayetoboa hivi hali mti, mama," alisema. "Anabeba ukungu mwilini kama mbegu, anaupanda humo ndani, watoto wake wanaula. Mti mbichi wenye gome ndio shamba lake."

"Ndiye anayeangusha nyumba?"

"Peke yake, hapana. Lakini gome likibaki, maji hayatoki. Ukungu mwingine unakuja kuozesha."

Jioni ile ile nilikwenda kwa Baba, nikamwambia kwamba ile nguzo sikuiambua yote. Mama alikuwa jikoni, tukimsikia anakwangua sufuria.

"Mama yako usimwambie," akasema.

"Kwa nini, Baba?"

"Miaka yote anajua kosa ni langu, nilijengea mti mbichi. Alishanisamehe. Usimwanzishie upya."

Baba alitangulia. Mama tumemzika mwaka jana. Sikumwambia.