Jiwe la Kumi na Nne

Siku hizi wana neno lake, usonji, na nasikia hata redioni linatajwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, pale Shinyanga mjini, hali ya binti yangu haikuwa na jina. Alikuwa ametimiza miaka minane, hasemi, hamtazami mtu usoni, na ukimsogezea kikombe chake kutoka pale alipokiweka, utajuta. Majirani ndio waliokuwa na maneno ya kutosha kwa niaba yake. Mama mkwe wangu wa Didia alikuwa na afadhali. Alisema mjukuu amemfuata babu yake, naye babu, kwa maelezo yake, aliongea siku mbili tu maishani: siku ya kuposa, na siku ng'ombe wake walipoingia shamba la mtu.

Mimi nilichotaka ni barua. Shule moja ya msingi hapo mjini ilikuwa na darasa dogo la watoto wa namna yake, la serikali, bila malipo. Mwalimu wake alikuwa mama mpole mwenye msimamo: hapokei mtoto bila barua ya mtaalamu, na hapokei aliyekwisha kutimiza miaka tisa. Mtaalamu mwenyewe alikaa Dar es Salaam. Alikuwa akija kwa treni, anaona watoto kumi asubuhi moja, anarudi zake. Kila nilipouliza hospitali atakuja lini, niliambiwa mwezi ujao. Mwezi ujao huo niliusubiri mwaka mzima na nusu, mpaka nesi wa dirishani akawa ananijibu kabla sijamaliza salamu.

Jumatatu moja habari zikaenea kwamba Alhamisi anakuja kweli. Kina mama tukafanya tulivyozoea. Asiyeijua miaka ile ya uhaba nimweleze: sabuni ikisemekana itafika duka la ushirika, hukai wewe kwenye foleni, linakaa jiwe lako. Unaliweka nyuma ya la mwenzio, unakwenda kupika, na mara kwa mara unapita kulikagua. Jiwe liliheshimiwa. Mtu angeweza kukuibia kuku, lakini jiwe la foleni hakuligusa. Pale hospitali hakuna aliyetuagiza, ila kufikia saa nne asubuhi barazani mbele ya mlango wa mtaalamu palikuwa na mawe ishirini na moja, ukihesabu pamoja na kipande cha tofali.

Mimi nilichelewa, ndiyo kawaida yangu. Langu likawa la kumi na nne. Lilikuwa jiwe la kutoka duarani, kwenye mashimo ya wachimbaji huko Geita. Kaka yangu aliniletea akiapa kwa marehemu baba kwamba lina dhahabu ndani. Kwa miaka mitatu dhahabu hiyo ilikuwa inazuia mlango wangu wa jikoni usijifunge. Nikajipa moyo kwamba kati ya wale walio mbele yangu, wanne hawatakosa kukata tamaa.

Siku zilizofuata tulipita kukagua, mimi na binti yangu. Mimi nilitazama langu tu. Yeye alianzia mlangoni, akainama, akagusa kila jiwe kwa kiganja, la kwanza hadi la mwisho, kisha akarudi kuanza upya. Wenzangu walinionea huruma. Mmoja alinielekeza kwa mganga wa Nkome, kule ziwani, akaniambia nisisahau kurudi na dagaa.

Jumatano jioni wakubwa wa hospitali wakaamuru mazingira yasafishwe, maana mgeni anatoka Dar. Mzee mfagizi alikuwa mtu wa bidii kupita kiasi. Aliyakuta mawe barazani, akayabeba yote kwa toroli, akayazungushia bustani ya maua, akayapaka chokaa. Tulipofika Alhamisi asubuhi, bustani ilikuwa inapendeza kweli. Mawe yalikuwa meupe pe, na hakuna mama aliyelijua lake.

Zikaanza kelele.

"Mayu, mama yangu, mimi la kwangu lilikuwa la pili, kweli tupu!"

"La pili lilikuwa langu! Wewe nilikuacha nyuma kule!"

Nesi akatoka, mikono kiunoni. "Kina mama, watu ishirini na moja hamwezi wote kuwa kumi bora. Msipoelewana, mtaalamu atapanda treni yake arudi."

"Langu lilikuwa la tatu," nikasema. Nilisema kwa utulivu wa mtu anayekwenda kanisani kila Jumapili, na kweli nilikuwa nakwenda.

Wakati sisi tunaapa, binti yangu alikuwa amechuchumaa bustanini. Akang'oa jiwe moja, akalibeba hadi mlangoni, akaliweka. Akarudi, akachukua la pili. Mfagizi akalalamika, "We mtoto, bustani yangu!" Lakini mama mmoja akaligeuza lile la kwanza. Chini halikupakwa, maana hata chokaa ya serikali ilikuwa ya kubania. "Jamani, ni langu!" akasema. La pili likageuzwa, likapata mwenyewe. Kelele zikapungua, kisha zikakoma kabisa.

La tatu aliligeuza mwanamke mwembamba kutoka kijijini, mwenye mtoto mgongoni, ambaye tangu asubuhi hakuwa amepandisha sauti. "La kwangu," akasema. Alinitazama mara moja tu. Ningefurahi kama angenitukana.

Tofali likawa la tisa. Dhahabu ya kaka yangu ikatua pale pale, ya kumi na nne. Nilimwinamia binti yangu nikamnong'oneza, "Mama, tusogee kidogo tu." Nikaliinua jiwe nikalipeleka mbele. Mnakumbuka habari ya kikombe. Alipiga ukelele uliomtoa mtaalamu ofisini, akaninyang'anya jiwe, akalirudisha mahali pake na kulipigapiga kwa kiganja.

Mtoto wa kumi alipotoka, mlango ukafungwa. Nililia pale barazani, na sitaficha, nilimkasirikia mwanangu. Wote wale walikuwa wanapigania watoto wao, na wangu alikuwa amejinyima barua kwa mikono yake mwenyewe. Walioonwa walichukua mawe yao wakaondoka. Binti yangu akayasogeza mbele yale kumi na moja yaliyobaki, moja baada ya jingine, hadi mlangoni. La kwetu likawa la nne. Nilitaka kwenda nalo nyumbani, mlango wa jikoni ulikuwa unalihitaji, akalikalia.

Mfagizi alikuwa amesimama na ufagio wake, aibu imemjaa. "Yaache, mayu," akaniambia. "Nitafagia pembeni yake."

Alifagia pembeni yake miezi kumi. Treni ilipomrudisha mtaalamu, binti yangu alikuwa amebakiza wiki sita kutimiza miaka tisa. Mawe yalikuwepo, yamejipanga, na hakuna mama aliyebisha. Tukaingia wa nne.

"Anajua kuhesabu?" mtaalamu akauliza, kalamu mkononi.

"Ananishinda mimi," nikamjibu. "Mimi nilikuwa wa kumi na nne, nikahesabu tatu."

Hakuelewa, ikabidi nimweleze yote, toroli na chokaa na yule mwanamke mwembamba. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha uso. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika barua ndefu, akaipiga muhuri. Nilipogeuka kumwonyesha binti yangu, hakuwepo. Alikuwa ameshatoka nje, anawasogezea wenzetu mawe yao.