Injini Iliyozidi Nguvu

Ornella Bonfadini alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa yeyote: injini iliyozidi nguvu ni mbovu sawa na iliyopungukiwa. Katika kiwanda chao karibu na Brescia, kilichounda injini za vigari vya mbio, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuzigusa. Kila injini ilifungwa kwenye mtambo wa kupimia, ikaunguruma mbele yake, na nguvu yake ikiwa ndani ya mipaka, aliipiga lakiri. Baada ya hapo hakuna fundi aliyeruhusiwa kuifungua. Vijana walioshindana nazo waliahidiwa hivi: injini ni sawa, ashinde dereva.

Alizipenda kama mfugaji anavyopenda mbuzi wake. Alizipapasa ubavuni kabla ya kuziwasha, na aliyezembea kazi alimsikia kutoka mbali.

"Nani kaikaza bolti hii? Ametumia uma wa tambi?"

Wenzake walimcheka, lakini walirudi kukaza.

Mwaka mmoja, fainali ya jimbo ikikaribia, injini moja ilipita mpaka wa juu. Akaiacha ipoe, akaiwasha tena. Ikapita tena. Fausto, mdogo wake, aliyefanya kazi ya kufungasha mizigo nyuma ya ukuta, aliisikia akaja mbio na mkate wake mkononi. Binti yake Giada alikuwa ameingia fainali, na injini yake ilikuwa imepasuka pistoni. Ghala lilikuwa tupu. Giada alingoja moja ya injini za asubuhi hiyo.

"Dada, hiyo inaimba!"

"Inapiga kelele."

"Basi mpe Giada hiyo hiyo."

"Hii haiendi kwa mtu."

"Imezidi kidogo tu! Ukishapiga lakiri, nani atachungulia ndani?"

"Hakuna. Ndiyo maana nachungulia mimi."

"Ni damu yako, Ornella."

"Na hao wengine wameokotwa jaani?"

"Una moyo wa jiwe wewe."

"Jiwe hilo ndilo lililokulea. Maliza mkate wako, mapumziko yanaisha."

Ni kweli alimlea. Mama yao alipofariki, Ornella ndiye aliyempikia na kumnyoosha, hata kunyoa ndevu alimfundisha yeye. Kwa kawaida Fausto angecheka na kumrushia ganda la mkate. Safari hii aliutia mkate mfukoni akaondoka.

Ornella angeweza kuiweka kando injini ile na kuendelea na kazi. Aliifungua. Ndani ya silinda, tundu la kutolea moshi lilikuwa limekatwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Akaenda hadi kwenye mashine ya kukatia, akakuta kishikio chake kimelegea. Silinda zote za asubuhi hiyo zilikuwa na kasoro ileile. Akamwita msimamizi, kazi ikasimamishwa, na injini zote zikarudishwa. Alijua vizuri kwamba ya Giada ingekuwa mojawapo.

Wako walioliita tendo hilo ukatili. Lakini lakiri ni neno la mtu kwa watu asiowajua, na mwenye kuigawa kwa upendeleo amewaibia wote.

Giada alikimbia kwa injini ya akiba ya klabu yake, kuukuu na iliyochoka. Ornella alikuwa ukingoni mwa uwanja na kikapu cha mikate ya soseji, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Watatu wa kwanza ndio waliokwenda mashindano ya taifa. Giada alikuwa wa nne.

Alivua kofia ya chuma, nywele zimelowa jasho, akaja moja kwa moja kwenye kikapu.

"Shangazi, ile injini ilikuwa na kikohozi."

"Niliisikia, mwanangu. Uliibembeleza vizuri. Kula."

Fausto alimshika binti yake mkono akampeleka garini bila kumtazama dada yake.

Giada alikosa nafasi ya taifa. Na Fausto, aliyekuwa akila kwa Ornella kila Jumapili, nyama ya kubanika na ugali wa mahindi ya njano, hakukanyaga nyumbani kwake majira yote ya baridi.