Bi Mdogo wa Mzee Sekunde

Mzee Sekunde alikuwa na mke mmoja tu wa ndoa, na huyo mmoja alikuwa mshonaji mwenye ulimi uliochoma kuliko sindano zake. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, miaka tisa nyuma, siku mumewe alipoingia nyumbani amekumbatia kipande cha shina chenye jani moja, alichokiokota nyuma ya benki iliyokuwa ikikarabatiwa.

"Haya," alisema huku pini zimemjaa mdomoni, "umeniletea mwenzangu. Basi mimi ndiye Bi Mkubwa, na huyo ndiye Bi Mdogo."

Mume hakubisha. Alikuwa fundi saa, mtu wa kunyamaza na kukaza jicho moja. Ukimwambia utafika saa nne ukafika saa nne na dakika mbili, atakuuliza umepatwa na nini. Shina lile alilitia kwenye chupa ya maji, juu ya meza yake ya kazi, mpaka likatoa mizizi. Akalihamishia kwenye kopo, kisha kwenye ndoo, kisha kwenye pipa dogo pale sebuleni, hatua mbili kutoka dirishani, lipate mwanga bila kuchomwa na jua. Likapanda mti aliouvisha gunia, likagusa dari. Majani yakawa mapana kama ungo, yamechanika pembeni na kutobokatoboka katikati. Kila Ijumaa Mzee Sekunde aliyapangusa moja moja kwa kitambaa laini cha kufutia vioo vya saa.

"Miaka thelathini ya ndoa," Bi Mkubwa alikuwa akisema, "mimi sijafutwa hata jasho." Alisema kwa utani, lakini si utani wote.

Maji nayo yalikuwa na utaratibu wake. Mzee alichomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, alimwagilia. Kikitoka na udongo, alikwenda zake. Watu wa nyumbani waliona kwamba hizo ni mbwembwe za fundi saa, wala hakuna aliyejisumbua kumwiga.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua, na daktari akamtuma hospitali kubwa, safari ya siku nzima.

"Kijipu tu," alimwambia mkewe akifunga begi. "Wanakitoa, narudi. Usiache kazi za watu kwa ajili ya kijipu. Mdogo wangu yuko kule, ataniangalia."

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sare za watoto sabini zilikuwa zimerundikana kibandani kwa Bi Mkubwa hazina hata vifungo. Alibaki, lakini moyo ulisafiri. Mlangoni mumewe aligeuka, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekabidhi funguo, "Niangalizie Bi Mdogo. Nakutegemea wewe."

Operesheni ilifanyika Jumanne. Shemeji alipiga simu kusema kaka ameamka na anaongea. "Sasa tunasubiri majibu tu."

"Majibu ya nini?"

Shemeji akakohoa. "Aa, mambo ya kawaida, shemeji. Ngoja nikupe mwenyewe."

Mtu hahitaji kusomea udaktari ili ajue kwamba kijipu hakipelekwi maabara. Bi Mkubwa alielewa palepale kwamba huenda mumewe ana ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona, na kwamba ameamua kuubeba peke yake. Akakaa juu ya rundo la sare. Alitaka kumfokea, alitaka kulia, na kabla hajachagua, sauti ya mumewe ikaja, nyembamba lakini ni yake.

"Bi Mdogo hajambo?"

Asubuhi hiyohiyo jani la chini lilikuwa limegeuka njano.

"Hajambo," Bi Mkubwa akasema. "Tena ametoa jani jipya."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bi Mkubwa haikufika hata siku mbili. Kesho yake aliulizwa jani limefunguka kiasi gani, akasema nusu. Mkononi alikuwa ameshika jani la pili la njano, limekatika lenyewe.

Hakuwa mtu wa kushtuka jicho likimcheza. Lakini wazo lilimwingia likagoma kutoka: Bi Mdogo akifa, Mzee harudi. Alilionea aibu, hakumwambia mtu, na alichofanya ni kumwaga maji. Aliyamwaga asubuhi kabla ya kwenda kibandani na jioni akirudi. Majani yaliponing'inia zaidi, alisema maskini, ana kiu, akaongeza jagi. Kutoka majani kumi na moja yakabaki saba, kisha matano. Vijidudu vyeusi vikaanza kuruka juu ya pipa, na sebule ikanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni.

Jumapili alibaki nyumbani, kichwa kinamgonga. Alikuwa chumbani, amejilaza, aliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa polepole. Akachungulia. Jirani yao, mwalimu mstaafu anayewatunzia ufunguo wa akiba, alikuwa anaingia kwa kunyata, na jagi mkononi.

"Mwalimu?"

Mwalimu nusura aangushe jagi. "Samahani, nilijua uko kibandani. Mzee aliniambia faragha. Alisema, 'Mke wangu atakuwa na mawazo, atasahau. Niangalizie mmea kila siku. Nakutegemea wewe.'"

Hawajamaliza hilo, binti wa Bi Mkubwa naye akaingia na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Anakaa mtaa wa pili, na kumbe kila mchana alipita hapo mama yake akiwa kazini. Naye baba alimwambia vilevile, wewe tu, usimwambie mama. Nyuma yake akatokea mumewe, macho chini kama ilivyo heshima mbele ya mama mkwe, na mkononi birika.

"Na wewe pia?" binti akamgeukia.

"Mzee aliniita pembeni," mkwe akasema. "Mimi napitia jioni, nikitoka kazini; leo sina kazi. Mama, nisamehe."

Bi Mkubwa aliwatazama mmoja mmoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na huyu nahodha wa manahodha alikuwa kitandani hospitalini akiuliza hali ya abiria. Mumewe hajawahi kufungua saa bila kuweka skrubu za akiba. Sasa alikuwa ameweka watu wa akiba, watatu, na kila mmoja kwa siri.

"Mara tano kwa siku," alisema. "Tumemzamisha." Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na binti yake aliyedhani ni kicheko tu akaona ni kilio akamkumbatia.

Walitandika magunia sakafuni wakamlaza Bi Mdogo. Udongo ulitoka kama uji. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, ukiigusa inachunika ngozi kama kidole kilicholowa. "Hapa ni kukata," Mwalimu akasema. "Iliyooza yote itoke, ibaki iliyo nyeupe."

Binti akaenda kutafuta kisu jikoni. Bi Mkubwa akamwambia arudi, akatoa kwenye mkoba mkasi wake wa kitambaa. Mkasi huo hata karatasi haukuwahi kukata. Binti alichapwa akiwa darasa la pili kwa kujaribu tu. Bi Mkubwa alikata mizizi mpaka alipofika kwenye nyeupe, akakata shina lililolegea, akapanda kilichobaki kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga na vipande vya mkaa. Yalibaki majani matatu. Funguo zote za nyumba walizokuwa nazo wale watatu akazikusanya.

Jumatano Mzee alipiga simu. "Nakuja kesho." Majibu hakuyataja, na Bi Mkubwa hakuthubutu kuuliza.

Teksi ilisimama saa kumi kamili. Mzee alishuka mwenyewe, amekonda, mkono mmoja tumboni. Bi Mkubwa alisimama katikati ya mlango.

"Kabla hujaingia," alisema, "Bi Mdogo nusura afe. Tulimwagilia sote, kwa sababu sote ulituambia. Yamebaki majani matatu. Na lile jani jipya halikuwapo. Nilikudanganya."

"Nilijua," Mzee akasema. "Hakuna jani linalochomoza Jumanne likawa nusu Jumatano. Hilo huchukua wiki nzima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Na mimi nilikuwa nakudanganya."

Alimpita taratibu, akaketi kwenye kochi bila hata kutazama upande wa pipa. Akavuta pumzi. "Walifikiri ni ule ugonjwa. Kabla sijatoka hapa, daktari alishaniambia nijiandae. Majibu yametoka jana. Siyo. Wametoa uvimbe wote, na siyo."

Bi Mkubwa alibaki amesimama. "Sema tena."

"Siyo, mke wangu. Nimepona."

"Nipe karatasi."

"Huniamini?"

"Nikuamini wewe, wa kijipu tu?"

Mzee akatoa bahasha mfukoni. Bi Mkubwa akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana, akasoma karatasi yote kuanzia jina la mgonjwa, umri, tarehe, akifuata kila mstari kwa kidole. Alifika chini kwenye sahihi na muhuri. Alirudi juu akaanza upya, safari hii kwa sauti, na mumewe akamshika mkono mpaka akamaliza.