Ubwabwa wa Rubani

Ukoko wa ubwabwa ukianza kushika chini ya sufuria, nikaisikia ile harufu ya nazi inayokaribia kuungua, mimi humkumbuka rubani wa Kijerumani. Msinicheke kwanza.

Ilikuwa Bagamoyo, miaka ya hamsini, nami msichana mdogo nisiyebanduka kwa bibi yangu mzaa mama. Msimamizi wa shamba la mkonge, Mjerumani mpole mwenye kipara, alikuwa na mashine ya sinema. Jioni moja alitundika shuka kwenye ukuta wa ghala, akatuonyesha picha ya kwao kuhusu marubani wa vita vilivyopita. Marubani wenyewe vijana wabichi, ndevu hazijawaota vizuri, wanataniana huku wakivaa mabuti. Mmoja mwembamba, masikio kama vishikio vya kikombe, ndiye Bibi aliyempenda. Akapaa, ndege yake ikapigwa, moshi ukatanda, mara shuka likabaki jeupe. Mkanda wa pili, akasema msimamizi kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, umesahaulika Dar es Salaam. Tungoje lori la wiki ijayo.

Wiki nzima Bibi hakula vizuri. "Yuko juu mpaka sasa," alikuwa akisema, anakuna nazi na macho yako mbinguni.

Mjomba Hemedi, mwanawe, alikuwa amepigana Burma upande wa Mwingereza. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, ule ni mchezo tu. Tena hao walikuwa adui zetu."

"Adui, adui! Kwani kazaliwa na ndege?" Bibi akamkata kauli. Palepale akaweka nadhiri: kijana yule akitua salama, atapika ubwabwa wa sadaka, watoto wa mtaa washibe.

Nadhiri kwa mtu wa kwenye shuka! Walimtania kila alikopita. Lakini mkanda ulipofika walikuja wote, na hata Mjomba nilimsikia kazuia pumzi. Ndege ikayumba, ikagusa majani, ikasimama. Yule mwembamba akatoka, na masikio yake yote mawili. Vigelegele vikarindima. Bibi alijifunika uso kwa kanga akalia, nami nikalia kwa furaha bila kujua kisa.

Kesho yake sufuria kubwa ikapandishwa motoni. Mjomba ndiye aliyebeba masinia. Watoto walipokwisha kula, Bibi alikwangua ukoko, akamtia mkononi. "Kula, baba," akamwambia. Safari hii Mjomba hakucheka.

Mimi yalinipita. Mama yangu alikuja kunieleza nilipokuwa mtu mzima: Mjomba alipokuwa Burma habari zake zilikatika, hata Bibi akakata tamaa, akamsomea khitma. Siku alipotokea mlangoni na begi lake, furaha ilijaa nyumba, lakini hapakuwa na nadhiri ya kutimiza. Nani humwekea nadhiri mtu aliyekwisha kumwombea kama maiti? Jambo hilo lilimkaa Bibi rohoni miaka yote ile.

Kwa yule rubani alingoja. Na ubwabwa tulioula siku ile ulikuwa wa Mjomba.